Nani Alipaka Nukta Elfu Hamsini?

Rafiki yangu alipohamia Kasarani mwaka jana, kitu cha kwanza kutundikwa ukutani, kabla hata ya pazia, kilikuwa picha ya bahari. Hakuwa ameitafuta. Jirani mmoja alikuwa anahama nchi na anauza kila kitu, basi rafiki yangu akachukua kochi, meza na hiyo picha kwa bei moja. Inaonyesha jabali kubwa lenye ncha kama mdomo wa ndege, limesimama juu ya bahari ya kijani na buluu, na mbali kabisa kuna matanga madogo ya mashua. Ukiwa mlangoni unaona jabali. Ukisogea hadi pua ikaribie kuigusa, jabali linapotea. Unabaki na nukta tu: kijani, buluu, rangi ya machungwa, zambarau.

Kakake alikuja kuona nyumba, akaitazama kidogo, akasema, "Lakini hii ni feki."

"Feki aje? Imepakwa kwa mkono. Pitisha kidole uone."

"Ile yenyewe iko Uingereza. Nimeangalia kwa simu."

Wote wawili walikuwa wanasema ukweli. Picha yenyewe inaitwa Le Bec du Hoc, ilichorwa na Mfaransa Georges Seurat mwaka 1885, na iko katika mkusanyiko wa Tate, London. Lakini hii ya Kasarani nayo haikutoka kwa printa. Kuna mtu alikaa chini na brashi akaweka nukta moja baada ya nyingine. Tuliiteremsha tukaigeuza kutafuta jina lake. Nyuma kulikuwa na mbao, pini na namba ya penseli. Jina, zii.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimwaza huyo mtu. Ili kumwelewa, ilibidi kwanza nimwelewe Seurat, na nilichokuta kilinishangaza, manake maswali tuliyokuwa tunaulizana pale sebuleni (kazi ni ya nani, na inauzwa bei gani) yalikuwa yanamsumbua Seurat mwenyewe.

Kiangazi cha 1885 Seurat alikuwa na miaka 25. Kwao kulikuwa na uwezo, kwa hivyo hakutegemea kuuza picha ndio ale. Alikwenda Grandcamp, kijiji cha wavuvi katika pwani ya Normandie, kaskazini mwa Ufaransa, na huko akachora lile jabali. Karibu kila kiangazi baada ya hapo alirudi baharini: Honfleur 1886, Port-en-Bessin 1888, Le Crotoy 1889, Gravelines 1890. Wakati wa baridi alijifungia Paris na picha kubwa zilizojaa watu. Kiangazi alikwenda kupumzisha macho kwa bandari tulivu, gati, minara ya taa na maji. Mara nyingi katika picha hizo za bahari hakuna hata mtu mmoja.

Wazo la nukta halikuanzia kwa wachoraji. Lilianzia kwenye nyuzi. Mkemia Michel Eugène Chevreul alisimamia kazi ya kutia nyuzi rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, kilichofuma mazulia ya kutundika ukutani. Watu walikuwa wakilalamika kwamba nyuzi nyeusi zinaonekana hafifu. Chevreul alichunguza, akakuta rangi yenyewe haina kasoro. Kasoro ilikuwa kwa majirani: nyeusi ilionekana dhaifu kwa sababu ya rangi zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kizima kuhusu jinsi rangi mbili zikikaa pamoja zinavyobadilishana sura. Yeyote aliyewahi kuchagua leso sokoni anajua jambo hili bila kitabu. Nyekundu iliyozungukwa na nyeusi si nyekundu ile ile ukiizungushia manjano.

Seurat aliwasoma wataalamu kama Chevreul, pamoja na Mmarekani Ogden Rood, akaamua kufanya walichoandika kuwa njia ya kuchora. Badala ya kukoroga rangi kwenye paleti hadi zififie, aliziweka kwenye kanvasi zikiwa safi, kando kwa kando, na kuliachia jicho kazi ya kuzikutanisha. Kivuli cha jabali hakikuwa nyeusi. Kilikuwa buluu na zambarau, na ndani yake vidoa vya rangi ya machungwa kuzipinga. Mwaka 1885 mtindo huu ulikuwa bado unazaliwa, kwa hivyo katika Le Bec du Hoc nukta zinaishi pamoja na mipigo mifupi ya brashi. Mwaka uliofuata, jabali hilo lilionyeshwa Paris katika maonyesho ya nane na ya mwisho ya wachoraji wa impreshonizimu, pamoja na picha iliyomletea Seurat sifa na kejeli kwa pamoja: ile ya Jumapili katika kisiwa cha La Grande Jatte. Mhakiki Félix Fénéon aliupa mtindo huo jina la neo-impreshonizimu. Watu wengine waliuita pointilizimu, mtindo wa nukta, na jina hilo ndilo lililobaki mdomoni mwa watu.

Kuna kitu ambacho karibu kila mtu anaambiwa kuhusu picha hizi: eti ukisimama mbali, nukta zinayeyukiana na kutoa rangi inayong'aa kuliko rangi ya kukorogwa. Kwa skrini ya simu yako hiyo ni kweli. Skrini imejaa vijitaa vidogo vya nyekundu, kijani na buluu, na taa zikiongezeana mwanga unazidi. Rangi ya mafuta haina taa ndani yake. Inakula sehemu ya mwanga na kurudisha kilichobaki, kwa hivyo nukta pinzani zikiwa ndogo sana na jicho likiwa mbali, matokeo yake ni rangi ya kijivu. Paul Signac, rafiki ya Seurat na mchoraji wa bahari kweli kweli (alipenda mashua kuliko watu wengi wanavyopenda magari), alilijua hilo. Katika kitabu chake cha 1899 alisisitiza kwamba nukta si siri ya mtindo wao. Siri ni kugawanya rangi, na ukubwa wa mpigo wa brashi lazima ulingane na ukubwa wa picha. Yeye mwenyewe aliendelea kuzikuza nukta zake hadi bandari za Saint-Tropez alizochora zikafanana na vigae vilivyopangwa ukutani.

Hapa ndipo mtu wetu asiye na jina anaingia, kwa sababu hilo ni tatizo lake hasa. Picha ya La Grande Jatte ina kimo cha kama mita mbili na upana wa kama mita tatu. Hakuna ukuta wa bedsitter unaoibeba. Mteja anataka ile ile, lakini ya sentimita 60 kwa 90. Mnakili afanye nini? Akipunguza nukta kwa kiwango hicho hicho, picha inaelekea kwenye kijivu, na mkono wenyewe utachoka kabla ya robo. Akiacha nukta na ukubwa wake, nyuso za watu zinapotea. Kwa hivyo anachagua: hapa aunganishe, pale aruke, pale akoroge rangi kwanza na kuipaka chini, kisha aweke nukta juu kama pambo. Picha za pwani zina nafuu. Le Bec du Hoc ina upana wa sentimita 80 hivi, na inaweza kunakiliwa karibu na ukubwa wake halisi. Labda ndiyo sababu moja inayofanya bahari hizi zifae kwa nyumba za watu. Seurat alizichora kwa ukubwa unaoweza kubebwa hadi ufukweni, na unaobebeka hadi ufukweni unatosha juu ya kochi.

Seurat angesema nini akiona nakala hiyo? Nadhani angekasirika, na si kwa kukisia tu. Mwaka 1888, baada ya wachoraji wengi kuanza kutumia nukta, alimwandikia Signac barua ya kulalamika. Hoja yake ilikuwa kwamba kadiri wanavyokuwa wengi, ndivyo kila mmoja anavyopungukiwa na upekee wake, na siku kila mtu atakapoutumia mtindo huo hautakuwa na thamani tena. Alikuwa ametengeneza njia yenye kanuni, njia ambayo mtu makini angeweza kuisoma na kuifuata, halafu akashtuka watu walipoifuata.

Lakini mwaka uliofuata, 1889, mtu huyo huyo alifanya jambo ambalo limenifanya nimpende. Octave Maus, katibu wa kundi la wasanii la Les XX huko Brussels, alimwuliza bei ya picha yake kubwa iitwayo Poseuses. Seurat alijibu kwamba anaona ugumu kutaja bei, kisha akapiga hesabu kama fundi: mwaka mzima wa kazi, faranga 7 kwa siku. Ukizidisha unapata faranga 2,555. Hakusema kipaji kinalipwa hivi, wala jina lina bei hii. Alihesabu siku. Akaongeza kuwa mnunuzi akiwa mtu wa kumpendeza, anaweza kushuka. Yaani alikuwa anauza kama mjengo: leo nimekuja, andika leo.

Miaka miwili baadaye, tarehe 29 Machi 1891, alikufa akiwa na umri wa miaka 31. Mtindo uliendelea bila yeye, kama alivyohofia.

Tukirudi kwa neno "feki", lazima tuseme kwamba kunakili kwa mkono hakujawahi kuwa aibu katika historia ya uchoraji wa Ulaya. Kulikuwa shule. Makumbusho ya Louvre yalipofunguliwa mwaka 1793, wakati wa Mapinduzi, siku kadhaa zilitengewa wasanii waje kunakili. Seurat mwenyewe, akiwa mwanafunzi, alinakili kazi za mabingwa waliomtangulia. Wanawake hawakuruhusiwa kusoma katika shule kuu ya sanaa ya Paris hadi 1897, hivyo kwa wengi wao kunakili Louvre ndiyo ilikuwa shule, na wengine waliishi kwa kuuza nakala hizo. Louvre bado inatoa vibali vya kunakili, kwa masharti: nakala isiwe na ukubwa sawa na picha ya asili, na sahihi ya mchoraji isinakiliwe. Tofauti kati ya nakala na ulaghai iko hapo. Ukipaka bahari ya Seurat na kusema ni nakala, ni kazi halali. Ukiandika jina lake pembeni na kuiuza kama yake, wewe ni mwizi. Na hakimiliki? Kwa sheria ya Kenya inaisha miaka 50 baada ya msanii kufa, Ulaya ni 70. Seurat na Signac, aliyekufa 1935, wote wameshatoka kwenye hesabu hiyo. Jabali hilo sasa ni la kila mtu.

Biashara kubwa ya nakala za mkono tunayoijua leo ina mji wake. Mwaka 1989 mfanyabiashara na mchoraji aitwaye Huang Jiang alitoka Hong Kong akaingia Dafen, kijiji kilichokuwa pembezoni mwa Shenzhen, kusini mwa Uchina, akiwa na kikundi kidogo cha wachoraji na oda za kutimiza. Kodi ilikuwa rahisi. Vijana kutoka mashambani walikuja kujifunza, na kufikia miaka ya 2000 kijiji kilikuwa na maelfu ya wachoraji waliopaka picha za mafuta kwa maduka, hoteli na nyumba za Ulaya na Marekani. Walilipwa kwa kipande. Wageni walipenda kupaeleza Dafen kama kiwanda, watu wamepangwa mstari huyu anapaka mbingu yule miti, lakini kazi nyingi zilifanyika katika vyumba vidogo ambamo mtu alikula, akalala na kuchora. Uchumi wa dunia ulipoanguka mwaka 2008, oda za nje zilipungua vibaya, na wengi ikabidi watafute wateja ndani ya Uchina au wageukie picha zao wenyewe.

Filamu moja ya ukweli ya mwaka 2016, China's Van Goghs, inamfuata Zhao Xiaoyong, mnakili wa Dafen aliyepaka kazi za Van Gogh kwa miaka kama ishirini bila kuona hata moja kwa macho yake. Hatimaye anasafiri hadi Amsterdam. Anagundua kwamba duka linalouza kazi yake, alilodhani ni jumba la sanaa, ni duka la kumbukumbu za watalii, na bei iliyobandikwa inapita mbali sana ile anayolipwa yeye. Halafu anaingia makumbusho na kusimama mbele ya picha zenyewe. Siwezi kusema kama bahari ya Kasarani ilitoka Dafen. Namba ya penseli haisemi. Lakini nikifikiria aliyeipaka, namfikiria Zhao, na ninafikiria zile faranga 7 kwa siku.

Kuna kejeli nyingine ambayo haijaniacha. Wengi katika kundi hili la nukta walikuwa na siasa kali ya kushoto. Signac aliwaunga mkono wanaharakati wa anaki, watu waliotaka dunia isiyo na mabwana wala serikali. Mwaka 1894, baada ya mabomu na mauaji ya kisiasa, serikali ya Ufaransa iliwakamata wengi. Mchoraji Maximilien Luce alitupwa jela. Fénéon, yule mhakiki, aliyekuwa karani wa Wizara ya Vita (ndiyo, Wizara ya Vita), alifikishwa mahakamani pamoja na wenzake, kisha akaachiliwa. Katika miaka hiyo hiyo Signac alikuwa akichora picha kubwa ya pwani ya kusini, yenye upana wa mita nne: watu wamepumzika kando ya bahari, wanasoma, wanachuma matunda, wanacheza, hakuna anayemsimamia mwenzake. Mwanzoni jina lake lilikuwa na neno anaki. Hali ilipochafuka akalibadilisha kuwa Au temps d'harmonie, wakati wa maelewano. Ujumbe ulikuwa kwamba enzi ya dhahabu haiko nyuma yetu, iko mbele. Signac alitaka picha hiyo ikae katika nyumba ya wafanyakazi huko Brussels. Haikuwezekana. Baada ya kifo chake ilipewa ukumbi wa mji wa Montreuil, karibu na Paris, na iko huko hadi leo.

Basi fikiria: mtu aliyechora pwani ambako kazi haimtesi mtu, kwa ajili ya ukuta wa umma, na leo pwani zake na za rafiki zake zinapakwa upya kwa malipo ya kipande, kwa ajili ya ukuta wa mtu mmoja aliyebofya "nunua". Siandiki haya kumchapa mtu viboko. Nami ningeitaka ile picha. Ninachosema ni kwamba nukta zile hazikuwahi kuwa za mapambo tu. Tangu mwanzo zilibeba swali la nani afanye kazi na apate nini.

Na kuna kitu ambacho nakala inacho kisichopatikana kwa ile ya asili. Seurat alitumia manjano ya zinki, rangi mpya ya wakati wake, katika La Grande Jatte. Ilianza kugeuka kahawia mapema sana. Fénéon aliliona tayari mwaka 1892, ukiwa ni mwaka mmoja tu baada ya mazishi. Jua lililokuwa kwenye nyasi zile limefifia, na mwaka 2004 makumbusho ya Chicago inakokaa picha hiyo yalihitaji kompyuta kuonyesha rangi zake za awali zingekuwaje. Kwa hivyo mnakili ana uamuzi ambao Seurat hakuwa nao: anakili alichokiona Seurat, au anakili kilichobaki?

Jabali lenyewe pia halikubaki. Leo linajulikana zaidi kama Pointe du Hoc. Tarehe 6 Juni 1944 askari wa Kimarekani walipanda ukuta wake wa mawe kwa kamba na ngazi ili kuwafikia Wajerumani waliokuwa juu, baada ya mabomu ya ndege na mizinga ya meli kuipasua ardhi. Mashimo ya mabomu bado yako kwenye nyasi. Sehemu ya mwamba iliporomoka. Ukienda huko leo na picha ya Seurat mkononi, hutakuta mdomo ule wa ndege kama alivyouacha. Umbo lake liko London, na liko pia kwenye kuta za watu wasiojuana.

Wiki iliyopita nilirudi Kasarani na sarafu ya shilingi ishirini. Tuliiweka juu ya karatasi, tukachora duara, tukalikata, tukaweka lile tundu juu ya bahari. Tulihesabu nukta zilizo ndani. Kwenye maji tulipata 64, kwenye jabali 57. Tuseme 60. Picha ina sentimita 60 kwa 75, yaani inameza sarafu kama hizo 850 hivi. Hiyo ni nukta elfu 51. Hata ukiweka nukta moja kila sekunde bila kupumzika, bila kuchovya brashi, bila kwenda chooni, ni zaidi ya saa 14. Na hapo hatujahesabu rangi ya chini.

Kakake rafiki yangu alikuwepo. Alirudia hesabu kwa simu mara mbili, akakuta ni sawa.

"Na alilipwa ngapi?"

Hakuna aliyejua. Rafiki yangu alichukua kalamu, akaiteremsha picha tena, na nyuma, kando ya ile namba, akaandika: Nakala ya Le Bec du Hoc ya Georges Seurat, 1885. Kisha akaandika "Imepakwa na", akaacha nafasi ndefu, na kuitundika tena.